Maneno ya Kiingereza yanayofanana maana: soma dalili, fuata chanzo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiingereza anacho kiasi. Anasoma, anaandika barua, anazungumza na mgeni wakaelewana, lakini daftari linarudi na mistari myekundu chini ya maneno ambayo kamusi imeyakubali. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mtwara mjini. Wanaokuja ni watahiniwa wa kidato cha nne, makarani wa vyama vya msingi vya korosho, vijana wanaojiandaa na usaili kwenye kampuni za gesi, waongoza watalii wa Mikindani. Umri wao na kazi zao ziko mbalimbali, ila makosa yao ni ndugu.

Wengi wamepitia njia moja. Hadi darasa la saba, shule ya serikali inafundisha masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, Baiolojia, Jiografia na Kemia zinageuka zote kuwa za Kiingereza. Anajiokoa kwa daftari la safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Daftari hilo linamvusha, na simlaumu anayelitumia. Lakini ndilo linalozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu, maana linamzoeza kuamini kwamba maneno mawili yenye tafsiri moja ni kitu kimoja.

Kwa hiyo usikimbilie orodha ndefu za kukariri. Chukua sentensi iliyokataliwa, uangalie imekataliwaje. Je, msomaji ameelewa kitu kingine kabisa? Ameelewa, ila sentensi inachechemea? Au sarufi iko sawa na maana iko sawa, lakini anakwambia "hatusemi hivyo"? Kila dalili ina chanzo chake, na tiba ya moja haiponyi nyingine.

Msomaji ameelewa kitu kingine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hasara kubwa. Kijana mmoja alinisomea wasifu aliouandaa kwa ajili ya kuomba kazi: "I worked as a safety guard." Sarufi haina doa.

"Mwalimu, usalama si ndiyo safety?"

"Ulikuwa unalinda nini, mwanangu?"

"Geti la ghala. Zamu ya usiku."

"Ukimzuia nani?"

"Wezi. Na wasio na kibali."

"Basi hiyo ni security."

Kiswahili kinasema usalama na kumaliza. Kiingereza kinauliza kwanza: hatari inatoka wapi? Ikiwa inatoka kwenye ajali, moto, kuteleza au hewa yenye sumu, neno ni *safety*. Ikiwa inatoka kwa mtu mwenye nia mbaya, neno ni *security*. Ndiyo maana kwenye mtambo wa gesi kama ule wa Madimba unaweza kukuta watu wawili ambao vyeo vyao ukivitafsiri vinakuwa kimoja. *Safety officer* anakagua kofia ngumu, buti na vizimamoto. *Security officer* anakagua vitambulisho na magari yanayoingia. Ukiandika lisilo lako kwenye barua ya maombi, utaulizwa maswali ya kazi usiyowahi kuifanya.

Jozi hiyo inaingia hadi jikoni. Karanga za Nachingwea zikihifadhiwa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu huo unaweza kuzalisha sumukuvu. Kaya yenye gunia la karanga za namna hiyo ina tatizo la *food safety*: chakula kipo, lakini si salama kuliwa. Kaya ambayo akiba imekwisha miezi kadhaa kabla ya mavuno ina tatizo la *food security*: kilichopo ni salama, ila hakitoshi. Kwa Kiswahili watu husema "usalama wa chakula" kwa yote mawili, ingawa wataalamu wengi sasa wanaliita la pili uhakika wa chakula. Mwanafunzi wa Jiografia anayejibu swali la ukame kwa kueleza kunawa mikono na kufunika vyombo amesoma neno moja badala ya jingine. Alama zote za swali hilo zinakwenda.

Tiba ya dalili hii haipo kwenye tafsiri. Tafuta swali ambalo Kiingereza kinauliza na Kiswahili hakiulizi. Ukilipata, jozi haikusumbui tena.

Chukua mpaka. Kiingereza kinauliza: unatenganisha nini na nini? Kati ya nchi na nchi ni *border*, na kwa sehemu kubwa Mto Ruvuma ndio *border* yetu na Msumbiji. Kati ya shamba lako na la jirani, kata na kata, Newala na Tandahimba, ni *boundary*. Kwenye kiwango kisichotakiwa kuvukwa ni *limit*, kama mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. *Border* ya shamba inaweza kueleweka kama ukingo wake, kwa mfano mistari ya minanasi uliyopanda pembeni. Lakini kwenye karatasi za ardhi, pale penye bikoni na ugomvi, ni *boundary*.

Kivuli: je, ni mahali pa kupumzika au ni umbo la kitu? Chini ya mwembe saa saba mchana ni *shade*. Kile kinachokufuata mchangani jua likishuka ni *shadow*. Ukiandika kwamba mlipumzika kwenye *shadow* ya mwembe utaeleweka, ila ubaridi unapotea na giza tu ndilo linalobaki. Tena *shade* ya namna hii haihesabiki na *shadow* inahesabika: "some shade", "a shadow".

Pwani: unaitazama kutoka wapi? Ukiwa na ramani mkononi, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, ni *coast*. Ukiwa ndani ya mashua unatafuta nchi kavu, ile unayoiona ni *shore*, na neno hilo linafaa hata ziwani. Ukiwa umevua viatu na unakanyaga mchanga, ni *beach*. Mwongoza watalii anayesema "the coast is dirty" kwa sababu ya chupa zilizotupwa mbele ya hoteli moja ameusema mkoa mzima.

Bandari nayo imegawanywa. *Harbour* ni maji yenyewe yaliyokingwa na mawimbi. *Port* ni gati, maghala, kreni na forodha. Mtwara ina vyote viwili, na historia yake inasaidia kukumbuka: hori lenye kina kirefu lilikuwepo tangu zamani, kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakajenga gati kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. *Harbour* ilikuwepo, *port* ikajengwa.

Neno "kuvumbua" linawapoteza hata wazuri. Je, kitu kilikuwepo kabla? Kama kilikuwepo na hakuna aliyekijua, ni *discover*: "Natural gas was discovered at Songo Songo in 1974," na Mnazi Bay mwaka 1982. Kama hakikuwepo mpaka mtu alipokitengeneza, ni *invent*. Hakuna aliye-*invent* gesi. Mabaki ya kale yanafuata mantiki hiyohiyo ya kuuliza. Kuta za msikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani ni *ruins*, kwa sababu ni majengo. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, ile iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambayo leo imesimama Berlin, ni *fossils*, kwa sababu ni viumbe vilivyogeuka mawe. *Remains* linaweza kushika yote mawili, na ndilo la kukimbilia unapokuwa na wasiwasi.

Sasa korosho, ambako Kiswahili chetu cha Kusini ndicho chenye maneno mengi na mwandishi anayapoteza akivuka. Kwa desturi nzuri korosho haichumwi. Inaachwa idondoke na bibo lake, kisha inaokotwa. Karani anaandika "pick" kwa sababu kamusi imempa hilo, na mnunuzi wa nje anaona mkono ukipanda mtini. *Pick* ni mkono juu, *pick up* au *gather* ni mgongo umeinama. Ukitaka kuusema msimu mzima bila kuonyesha mkono wala mgongo, *harvest* linatosha. Kiwandani pia kuna hatua mbili ambazo ripoti nyingi huzifunga pamoja kwa neno *removing*. Kubangua, yaani kutoa gamba gumu lenye mafuta yanayounguza ngozi, ni *shell*. Kuondoa lile ganda laini la kahawia linalobaki juu ya punje ni *peel*. Mashine zake ni tofauti, vibarua wake wanaweza kuwa tofauti, na malipo pia. Andika yote mawili.

Mtoaji amekuwa mpokeaji

Sentensi yenyewe: "Can you borrow me your blower?" Mkulima anahitaji mashine ya kupulizia salfa kabla ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, haujaharibu maua ya mikorosho, na jirani anayo. Kiswahili kinasema "niazime mashine" na pia "nimeazima mashine", kitenzi kilekile huku na kule. Kiingereza kinataka ujue nani anabaki mikono mitupu. Anayepokea *borrows* from. Anayetoa *lends* to. "I borrowed the blower from my uncle, my uncle lent it to me." Habari moja, pande mbili.

Kwa bahati nzuri Kiswahili mara nyingi kinakupa alama ya kukuongoza. Tazama mwisho wa kitenzi, na wakati mwingine mwanzo wake: kopa na kopesha, kumbuka na kumbusha, jifunza na funza. Ukiona umbo limebadilika namna hiyo, jiandae kwa neno jingine kabisa la Kiingereza: *borrow* na *lend*, *remember* na *remind*, *learn* na *teach*. "Remember me to buy salt" ni dalili tosha kwamba hiyo -sha haikusikika. Pa kuwa mwangalifu ni *rent*, ambalo linabeba kupanga na kupangisha pia. Hapo kinachokuokoa ni kihusishi, *from* au *to*.

Maana imefika, sentensi inachechemea

"They robbed my phone." "He explained me the auction." "We reached at Masasi at noon." "I was stolen my phone at the bus stand."

Hakuna asiyeelewa sentensi hizi, na hakuna mwalimu atakayezipitisha. Chanzo chake si maana. Kiswahili kinammeza mpokeaji ndani ya kitenzi: nieleze, niambie, nimeibiwa. Silabi moja tu, na mtu yumo. Kiingereza kinamweka nje, tena kila kitenzi kina foleni yake: kingine kinataka mtu aanze, kingine kinataka kitu kianze. Maneno mawili yanayofanana maana mara nyingi yanatofautiana kwa foleni hiyo tu.

*Steal* linafuatwa na kitu: steal a phone from somebody. *Rob* linafuatwa na mtu au mahali: rob a man, rob a shop. Kwa hiyo "I was robbed" au "my phone was stolen". Ukisema "I was stolen", umesema wewe ndiye uliyebebwa.

*Tell* linataka mtu kwanza, *say* linataka maneno kwanza. *Explain* linataka jambo, kisha *to*, kisha mtu, na halina huruma kwenye hilo. *Discuss* halitaki *about*. *Reach* linagusa mahali moja kwa moja, *arrive* linaomba *at* au *in*. Na kwenye mpira, tuseme Namungo ya Ruangwa imewashinda wageni: Namungo *beat* the visitors, Namungo *won* the match. Unam-*beat* mpinzani, una-*win* mechi, kombe au zabuni. "Namungo won the visitors" maana yake wageni ndio waliokuwa zawadi.

Sikia na sikiliza, ona na tazama, hizo Kiswahili kimeshazitenganisha, kwa hiyo *hear* na *listen*, *see* na *look* hazisumbui kwa maana. Zinasumbua kwa *to* na *at* zinazosahaulika njiani.

Tiba ni moja. Usiandike kitenzi peke yake kwenye daftari. Kiandike na kinachokifuata mara moja: "rob + mtu", "steal + kitu + from". Inachukua nafasi kidogo zaidi, na inafanya kazi.

"Hatusemi hivyo"

Hii ndiyo dalili inayowakatisha tamaa wengi, kwa sababu aliyekusahihisha mwenyewe hawezi kukueleza kwa nini. Usione kwamba anakuonea. Fikiria yeye akijifunza Kiswahili na kukuuliza kwa nini hatufui vyombo. Nguo zinafuliwa, vyombo vinaoshwa, mikono inanawiwa, mwili unaogeshwa. Kiingereza kinafanya hayo yote kwa *wash*. Hakuna aliyekufundisha kanuni. Ulisikia neno pamoja na mwenzake tangu utotoni, na yakakaa pamoja. Ukiongeza kwamba nazi nayo inafuliwa, mgeni anaweza kulia.

Kiingereza kina ndoa zake za namna hiyo, na kwa watu wa Pwani zilizo muhimu zaidi ni za hali ya hewa. Mvua kubwa ni *heavy rain*, si *big*. Upepo mkali ni *strong wind*, si *hot*. Bahari ikichafuka ni *rough sea*. Mvuvi akisema *dirty sea*, mgeni atadhani kuna mafuta yamemwagika. Maji yakijaa ni *high tide*, yakitoka ni *low tide*. Homa kali ni *high fever*. Chai yenye majani mengi ni *strong tea*, na ile ya rangi ni *black tea*.

Kwa "mrefu" angalia kinachosifiwa. Mnazi ni *tall*, mtu ni *tall*, na yule dinosaria wa Tendaguru aliyesimama zaidi ya mita 13 kule Berlin ni *tall*, kwa sababu vyote vimesimama wima na ni vyembamba kuliko urefu wao. Mlima ni *high*, na uwanda wa Makonde, ambako Newala imekaa, ni *high*, kwa sababu jambo lenyewe ni umbali kutoka chini. Kamba ni *long*. Kisima ni *deep*.

Kuhusu *do* na *make*, vitabu vingi vinatoa kanuni kwamba *make* ni kuunda kitu na *do* ni kufanya shughuli. Inasaidia mpaka ukutane na *make the bed*, ambako hakuna kitanda kilichoundwa. Ushauri wangu ni kuiacha kanuni na kukariri mafungu: make a mistake, make a decision, make money, do business, do homework, do your best. Mafungu thelathini ya kila siku yanakutosha kwa mtihani na kwa kazi, na mengine yatakuja yenyewe ukisoma.

Neno ni kubwa mno kwa mahali pake

Dalili: barua ya maombi inayoanza "I commence by demanding the employment". Kila neno limetoka kwenye orodha ya visawe kwenye simu. Aliyeandika alitaka kuonyesha heshima, na kilichofika ni amri.

Chanzo chake kina umri wa karibu miaka elfu moja. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa watawala wakasema Kifaransa huku wananchi wakiendelea na lugha yao. Lugha mbili zikalala nyumba moja, na Kilatini cha kanisa na cha wasomi kikaongeza tabaka jingine. Ndiyo maana Kiingereza kina *buy* na *purchase*, *begin* na *commence*, *help* na *assist*, *ask* na *inquire*. La kwanza katika kila jozi ni la nyumbani, la pili ni la ofisi. Hata meza ya chakula ina alama ya historia hiyo: mnyama akiwa zizini ana jina la mkulima, *cow*, *pig*, akifika sahanini anapata jina lenye asili ya Kifaransa, *beef*, *pork*. Wanaoandika menyu za hoteli Mikindani wakumbuke hilo. Kuku kwa bahati ni *chicken* kote kote, na pweza ni *octopus* akiwa majini na akiwa kwenye mchuzi.

Hasara kubwa ya kosa hili iko kwenye kuomba. Kiswahili kinaomba maji, kazi, radhi, ruhusa, na kinamwomba Mungu, vyote kwa kitenzi kimoja chenye adabu. Kiingereza kinapima uzito wa mwombaji. Maji unayaomba kwa *ask for*. Kazi unaiomba kwa *apply for*. Ruhusa ofisini ni *request*, na *request* likiwa kitenzi halihitaji *for*. *Beg* ni la mtu aliyeishiwa kabisa, au aliyepiga magoti. *Pray* ni la Mungu. *Demand* ni kudai, na anayedai anatangaza kwamba ana haki na yuko tayari kugombana. "I demand a job" haijawahi kumpatia mtu kazi.

Ukishindwa kuamua, chukua neno fupi. *Buy* haliwezi kukuaibisha popote, hata ndani ya mkataba. *Purchase* kwenye mazungumzo ya sokoni linasikika kama barua inayosomwa kwa sauti. *Begin* na *start* karibu kila mahali yanabadilishana, usihangaike nayo, isipokuwa injini: hiyo ni *start* tu.

Yanafanana sura pia

Hapa ni pafupi. *Historic* ni lenye uzito katika historia, *historical* ni lihusulo historia. Kilwa Kisiwani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni *historic*. Kitabu kinachoeleza masultani wake ni *historical*, hata kama hakina uzito wowote. *Economic* ni la uchumi, *economical* ni lisilokula sana, kama pikipiki inayokwenda mbali kwa lita moja. *Affect* kwa kawaida ni kitenzi na *effect* ni nomino: ukungu *affects* the crop, na hasara ni *effect* yake. Jozi hizi ndizo zinazofaa kukaririwa kwa orodha, kwa kuwa maana yake haina kona nyingi.

Kukagua bila mwalimu

Tafsiri ya simu ni msaada ukiilisha sentensi nzima. Ukiilisha neno moja, inabahatisha. Andika "mpaka" peke yake na huenda ukapewa neno la "hadi", kwa sababu mashine haijui unazungumzia Ruvuma. Andika "mpaka wa shamba langu na la jirani" na jibu linakuwa bora. Kisha geuza: chukua Kiingereza ulichopewa, kirudishe kwa Kiswahili. Kikirudi na maana nyingine, umepata dalili kabla ya mtahini.

Kamusi iliyo bora kwa kazi hii ni ile ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza, si ile ya wenyeji wa lugha. Fasili zake ni rahisi, na zaidi ya fasili ina sentensi za mfano. Soma sentensi za mfano kwanza, fasili baadaye. Ukisoma mifano minne ya *rob* bila kuona fasili, utagundua mwenyewe kwamba kila mara kuna mtu au benki baada yake. Ulichogundua mwenyewe hakipotei.

Pia unaweza kutafuta fungu zima mtandaoni ndani ya alama za nukuu. Andika "heavy rain", kisha "big rain", halafu tazama ni akina nani wameandika lipi. Usihesabu tu matokeo. Angalia kama ni magazeti na taarifa za hali ya hewa, au ni watu wanaojifunza kama wewe.

Daftari la safu mbili usilitupe, libadilishe. Ukurasa wa "kivuli" kwa mwanafunzi wangu mmoja wa Masasi unasomeka hivi: juu kabisa swali, "mahali au umbo?" Chini yake "sit in the shade, some shade, shade of a cashew tree". Mstari. "My shadow, a long shadow, shadows on the wall". Chini kabisa sentensi moja aliyoitunga mwenyewe kuhusu bibi yake anayekaa barazani. Hakuna tafsiri hata moja kwenye ukurasa huo, na sijamwona akikosea jozi hiyo tena.

Ukisahihisha na bado unaambiwa umekosea

Huenda hujakosea. Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani kinatofautiana kwenye maneno ya kila siku, na shule zetu zinafuata cha Uingereza huku filamu na simu zikituletea cha Marekani. *Holiday* na *vacation*, *lorry* na *truck*, *lift* na *elevator*: hizo si jozi zenye tofauti ya maana, ni kitu kimoja kwa watu wawili.

Mtwara ina moja ya kuangaliwa zaidi. *Gas* kwa Mwingereza na kwetu ni gesi, ile ya Mnazi Bay na ya mtungi wa jikoni. Kwa Mmarekani *gas* ni petroli pia. Mgeni wa Marekani akisimamisha gari Mikindani akauliza "Where can I get gas?", mwelekeze sheli. Kwenye insha ya shule andika *petrol* na *petrol station*, na ukishachagua Kiingereza cha upande mmoja, kaa nacho hadi nukta ya mwisho.